Kwa Nini Amerudia Tena?

Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Mtu huyo anajua wazi kwamba unyasi si nyoka. Hata hivyo, kabla hajapata nafasi ya kufikiri, moyo umekwisha kudunda na mguu umekwisha kuruka. Hakuna aliyemwagiza ashtuke, wala hatulii kwa kuambiwa tu, "Usishtuke!" Mwili wake umekumbuka mapema kuliko akili yake.

Mpendwa msomaji, mwezi huu tunaichukua methali hiyo ili tuzungumzie jambo linaloliza wake na akina mama wengi. Mume ameacha pombe, au kijana ameacha unga. Amekaa vizuri miezi sita, pengine hata miaka miwili. Nyumba imeanza kupumua. Kisha siku moja anarudi amelewa, au mama anakuta kete mfukoni mwa suruali anapofua. Ndipo maswali yanapoanza: "Kwani hakuapa mbele yetu sote? Hakuombewa? Hakutoa ushuhuda kanisani? Ina maana siku zote hizo alikuwa ananidanganya?"

Maswali haya tunayasikia wodini, na tunayasikia katika vikao vya akina mama kanisani. Jibu letu ni kwamba mara nyingi hakudanganya. Siku ile alipoapa, aliapa kwa moyo wake wote. Lakini ndani ya ubongo wake kuna kumbukumbu ambayo haikufutika siku ya kiapo, nayo ina namna yake ya kuamka. Mama akiifahamu namna hiyo atajua mahali pa kuelekeza nguvu zake na maombi yake. Tena atajua saa ambayo uhai wa mpendwa wake uko hatarini kweli kweli.

JINSI CHEMBE ZA UBONGO ZINAVYOPELEKEANA HABARI

Ubongo wa mtu mzima una chembe za fahamu zipatazo bilioni 86. Kati ya chembe moja na jirani yake kwa kawaida pana upenyo mwembamba mno, usioweza kuonekana kwa macho matupu. Chembe inapotaka kupeleka habari upande wa pili, humwaga kiasi kidogo sana cha kemikali. Kemikali hiyo huvuka upenyo na kushika vipokezi vya chembe ya pili, kama ufunguo unavyoingia katika kitasa chake. Kwa njia hiyo tunaona, tunasikia, na tunamtambua mtoto wetu kwa sauti tu akiwa bado yuko uani.

Kemikali hizo ziko nyingi, lakini kwa mazungumzo yetu zatosha mbili. Ya kwanza ni glutamati, mjumbe mkubwa wa kazi za kila siku za ubongo, hasa kujifunza na kukumbuka. Ya pili ni dopamini. Hii tunaweza kuifananisha na mwalimu anayepiga kengele darasani: "Tulieni, jambo hili ni muhimu, likumbukeni!"

Mwishoni mwa miaka ya 1950, mtaalamu wa Sweden aitwaye Arvid Carlsson alionyesha kwamba dopamini ni mjumbe anayejitegemea katika ubongo. Mwaka 2000 alipewa Tuzo ya Nobel ya tiba pamoja na Paul Greengard na Eric Kandel wa Marekani, wote watatu kwa kazi yao juu ya namna chembe za fahamu zinavyopelekeana habari. Kandel alimchunguza konokono wa baharini kwa miaka mingi. Alionyesha kwamba kukumbuka ni badiliko halisi mahali chembe zinapokutana. Kiungo kinachotumika mara kwa mara huimarika, kama njia ya shambani inavyozidi kuwa pana na ngumu kwa kukanyagwa kila siku. Tuushike mfano huo wa njia, maana tutauhitaji mbele.

Sisi tunaamini kwamba Mungu alituumba na kengele hiyo kwa ajili ya mema. Mwenye njaa apatapo chakula, kengele hulia, naye hujifunza kurudia jambo linalompa uhai. Pombe, heroini, kokeini na sigara huingia kwa mlango wa nyuma. Kila kimoja kina njia yake, lakini vyote huifanya dopamini iongezeke kuliko ilivyokusudiwa. Ubongo hudanganyika ukadhani jambo kubwa la uhai limetokea. Basi huandika yote yaliyokuwapo saa ile: mahali, watu, wimbo uliokuwa ukipigwa, harufu, hata mlio wa kizibo kinapofunguliwa.

Wala haichukui muda mrefu kuanza. Mwaka 2001 watafiti walitangaza kwamba panya waliopewa kokeini mara moja tu walionekana na viungo vilivyoimarika kwenye chembe zao za dopamini hata siku 5 baadaye. Vijana wetu hupenda kusema, "Nilijaribu mara moja tu, mama." Ni vema wajue kwamba hata mara moja tu ubongo unaweza kuiandika.

KENGELE INAYOLIA KABLA YA KINYWAJI

Hapa ndipo penye kiini cha mambo. Katika miaka ya 1990 Wolfram Schultz, akifanya kazi nchini Uswisi, alipima chembe za dopamini za nyani waliokuwa wakipewa maji ya matunda. Mwanzoni chembe zile ziliamka nyani alipopata maji ya matunda. Baadaye nyani alijifunza kwamba kuna ishara inayotangulia, kama vile taa kuwaka. Kuanzia hapo chembe zikawa zinaamka kwa taa, na maji ya matunda yenyewe hayakuziamsha tena. Na taa ilipowaka halafu kinywaji kisije, chembe zilinyamaza kuliko kawaida yake, kama mtu aliyekatishwa tamaa.

Mama, litafakari jambo hilo. Kengele haikungoja tena kinywaji. Ililia kwa ishara tu, na ikaacha upungufu unaodai kujazwa.

Kwa binadamu ni vivyo hivyo. Mwaka 2006 Nora Volkow na wenzake huko Marekani waliwaonyesha watu wenye uraibu wa kokeini picha za video. Picha za mandhari ya kawaida hazikuleta neno. Lakini walipoonyeshwa watu wakitayarisha na kuvuta kokeini, dopamini iliongezeka ubongoni mwao, na wale walioongezewa zaidi ndio waliosikia uchu mkali zaidi. Hawakuwa wamepewa dawa yoyote, walitazama tu. Mwaka 2008 timu ya Anna Rose Childress, pia ya Marekani, ilionyesha picha za namna hiyo kwa muda mfupi sana, yapata sehemu moja ya thelathini ya sekunde, kiasi kwamba mtazamaji hakutambua ameona nini. Hata hivyo sehemu za ubongo zinazohusika na hamu ziliamka.

Kwa hiyo mume anaposema, "Mke wangu, hata sijui ilikuwaje, nilijikuta tu nimekwisha kuingia kilabuni," huenda anasema ukweli zaidi kuliko tunavyodhani. Ilikuwa Ijumaa jioni, mshahara uko mfukoni, harufu ya nyama choma imetapakaa, na rafiki wa zamani amemwita kwa lile jina la utani la kilabuni. Kwa kijana wa unga ni kijiwe kilekile, au bomba la sindano lililotupwa mtaroni, au sura ya mtu aliyekuwa akimwuzia. Vitu hivi tuviite vikumbusho.

Pamoja na vikumbusho kuna milango miwili mingine. Mmoja ni dhiki: msiba, ugomvi, deni, aibu, kufukuzwa kazi. Mwingine ni kuonja kidogo, ile chupa moja ya kumridhisha mwenye sherehe. Milango yote mitatu huelekea katika njia ileile iliyokanyagwa zamani.

KWA NINI MUDA PEKE YAKE HAUTOSHI

Wengi wetu tunadhani kwamba kadiri siku zinavyopita, ndivyo hatari inavyopungua. Maumivu ya mwili, yale ambayo vijana huyaita arosto, kweli hupungua baada ya siku kadhaa. Lakini kumbukumbu haifuati kalenda hiyo.

Mwaka 2001 watafiti wa Marekani waliandika habari za panya waliofundishwa kubonyeza kitufe ili wapate kokeini, huku taa na mlio vikitokea. Kisha panya walinyimwa dawa. Waliporudishwa kwenye kitufe baada ya siku 1, walibonyeza kiasi. Waliorudishwa baada ya majuma kadhaa walibonyeza zaidi, na waliokaa siku 60 wakabonyeza zaidi tena, ingawa hawakupewa dawa hata chembe. Uchu ulikuwa ukiatamiwa kimya kimya kama mayai chini ya kuku. Utafiti wa mwaka 2008 ulieleza sehemu ya sababu. Katika majuma hayo ya kuacha, chembe za sehemu inayohusika na tamaa zilikuwa zimeongeza vipokezi vya glutamati vya aina yenye nguvu zaidi. Habari ileile ndogo ikawa inasikika kwa sauti kubwa. Mwaka 2016 dalili za kufanana na hizo zilionekana kwa binadamu walioacha kokeini.

Kwa hiyo kijana anaporudi nyumbani baada ya mwezi mmoja wa matibabu, akiwa amenenepa na uso umeng'aa, huo si wakati wa kulegeza ulinzi. Anarudi mtaani kwake, kwenye vikumbusho vyake vyote, wakati ambao kumbukumbu yake inaweza kuwa kali kuliko siku aliyoondoka.

Tena njia ya zamani haifutiki. Mtaalamu wa Urusi Ivan Pavlov, mwanzoni mwa karne ya 20, alifundisha mbwa kutoa mate kwa kusikia mlio. Alipoacha kuwapa chakula baada ya mlio, mate yalikoma. Lakini baada ya mapumziko aliupiga mlio tena, na mate yakarudi. Mbwa walikuwa hawajasahau. Walikuwa wamejifunza jambo jipya lililolala juu ya lile la kwanza. Njia ya shambani isipopitwa huota majani, lakini udongo wake bado umegandamana chini. Mtu akipita mara mbili tatu tu, inaonekana tena.

Biblia nayo inaijua tabia hii ya kumbukumbu. Katika kitabu cha Hesabu, sura ya 11, tunawasoma wana wa Israeli wakiwa nyikani. Walipochoka walikumbuka samaki wa Misri, matango, matikiti na vitunguu. Mijeledi ya wasimamizi na watoto waliotupwa mtoni hawakuvitaja. Kumbukumbu ya uraibu ndivyo ilivyo. Huleta harufu ya chungu ikaficha minyororo. Kwa hiyo mke asishangae mume akizungumza juu ya siku zile za pombe kana kwamba zilikuwa za furaha tupu. Ni vizuri nyumbani pawe na mtu wa kukumbusha habari nzima, kwa upole.

MAHALI PAKIBADILIKA

Kuna habari moja ya kutia moyo. Mwaka 1971 serikali ya Marekani ilishtuka kuona kwamba askari wake wengi katika vita vya Vietnam walikuwa wakitumia heroini. Mtaalamu Lee Robins alipewa kazi ya kuwafuatilia waliporudi kwao. Karibu askari mmoja katika kila watano alisema alikuwa amefungwa na dawa hiyo akiwa kule. Lakini miongoni mwa hao waliofungwa, watu wapatao 5 tu katika kila 100 walirudia kufungwa tena katika mwaka wa kwanza nyumbani.

Sababu zaweza kuwa zaidi ya moja, lakini mojawapo ni dhahiri. Vikumbusho vyao vilibaki ng'ambo ya bahari. Nyumbani hapakuwa na kambi, wala milio ya bunduki, wala muuzaji yule. Mtoto wetu hutibiwa na kurudishwa kwenye kijiwe kilekile, huku hali yake ikiwa kinyume kabisa cha ile ya askari wale. Hatuwezi kumhamishia kila mtu nchi nyingine, lakini mengi ya nyumbani na ya mtaani tunaweza kuyabadilisha.

HATARI AMBAYO KILA MAMA AIJUE

Kabla ya hayo, tuseme neno la uuguzi ambalo halipaswi kusubiri. Mtu anapotumia heroini kila siku, mwili wake huzoea, akawa anahitaji kiasi kikubwa. Akiacha hata kwa majuma machache, mazoea ya mwili hupungua, ilhali kumbukumbu ya kipimo cha zamani imebaki palepale. Akirudia kwa kipimo kilekile, pumzi yaweza kukatika. Wengi hufa siku za mwanzo baada ya kutoka gerezani au mahali pa matibabu, wakati ambapo familia inamshukuru Mungu kwamba amepona.

Hata mahali huchangia. Mwaka 1982 Shepard Siegel wa Kanada na wenzake walionyesha kwamba panya waliozoeshwa heroini, walipopewa kipimo kikubwa katika chumba walichokizoea, walikufa 32 katika kila 100. Waliopewa kipimo hichohicho katika chumba kigeni walikufa 64. Mwili hujitayarisha kwa kuona vikumbusho, na usipoviona hukutwa bila silaha.

Dalili za hatari ni hizi: haamki hata akitikiswa, anapumua polepole mno au anakoroma kwa namna isiyo ya kawaida, midomo na kucha zimegeuka bluu au kijivu, na mboni za macho zimekuwa ndogo kama tundu la sindano. Mlaze kwa ubavu asipaliwe na matapishi, mkimbize hospitali, na useme ukweli juu ya alichotumia. Ipo dawa iitwayo naloksoni ambayo huiondoa heroini kwenye vipokezi vyake na kurudisha pumzi. Lakini aibu ya mama ikificha habari, mhudumu atapoteza dakika za thamani akitafuta malaria.

Pombe nayo ina hatari yake. Aliyekunywa sana kila siku kwa muda mrefu, akikata ghafla, anaweza kupata degedege au kuweweseka na kuona vitu visivyokuwapo, mara nyingi ndani ya siku nne za mwanzo. Hali hiyo inaweza kuua. Akitaka kuacha, tumshukuru Mungu, na tumpeleke kwa mganga hospitalini ili aache chini ya uangalizi.

YA KUFANYA NYUMBANI

Kwanza, viorodhesheni vikumbusho pamoja naye. Chagueni saa ya utulivu, mkiwa mmeshiba, si siku ya ugomvi. Mwulize: ni saa ngapi hamu huja, na ni njia gani, mtu gani, wimbo gani? Yeye ndiye mwenye kuijua njia ile. Mkikaa kama wenzi wawili wanaotafuta tundu la panya, atasema. Mkikaa kama mahakama, atanyamaza.

Pili, badilisheni yanayowezekana. Siku ya mshahara mpokee mjini mkarudi pamoja, au fedha ziwekwe benki. Apite njia nyingine hata kama ni ndefu. Chupa tupu ulizogeuza za mafuta ya taa na bilauri zile za bia ziondoke ndani. Namba za simu za wauzaji zifutwe. Jambo hili laonekana dogo, lakini tumeona kwamba picha isiyotambuliwa hata na macho inaweza kuamsha hamu.

Tatu, mfundishe kuisubiri hamu ipite. Hamu hupanda kama wimbi la bahari, hufika juu, kisha hushuka, mara nyingi kabla ya nusu saa kwisha. Katika dakika hizo asikae peke yake. Ampigie mtu simu, atembee, aoge maji baridi, mwombe pamoja. Asiende kubishana na wimbi akiwa amesimama mlangoni pa kilabu. Njaa, hasira, upweke na uchovu hulipa wimbi nguvu, kwa hiyo sahani ya chakula cha moto kwa wakati wake ni dawa pia.

Nne, kanyageni njia mpya. Ile saa ya jioni ikiachwa tupu, njia ya zamani itaijaza. Kwaya, bustani, banda la kuku, mpira na watoto, kikundi cha walioacha pombe, hayo yote yakirudiwa mara nyingi huimarisha viungo vipya ubongoni. Moja la siku moja halitoshi. Njia hutengenezwa kwa kukanyagwa.

Tano, tusizionee haya dawa. Kwa pombe ipo naltreksoni, inayopunguza utamu na uchu. Kwa heroini ipo methadoni, ambayo mgonjwa huinywa kila siku mbele ya mhudumu. Hushika vipokezi vilevile taratibu, huzuia arosto, naye huweza kufanya kazi na kulea watoto wake. Hospitali ya Taifa Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza huduma hiyo Februari 2011, na baadaye vituo vingine vikafuata. Kenya ilianza mwaka 2014. Wapo ndugu kanisani wanaosema kwamba kutumia methadoni ni kubadilisha kileo kwa kileo. Hatukubaliani nao. Mwenye kisukari hatumwambii kwamba sindano yake ni ukosefu wa imani.

Sita, kanisa nalo liwe macho. Mtu aliyeokoka kutoka katika ulevi, akikaribia Meza ya Bwana na kukuta divai yenye kileo, anapewa kikumbusho na kionjo kwa pamoja, tena mahali patakatifu ambapo haya humzuia kukataa. Akina mama wanaoandaa Meza wazungumze na mchungaji mapema, apatiwe maji ya zabibu yasiyo na kileo, au utaratibu mwingine ambao kanisa lenu linauruhusu, bila kumtangaza. Kadhalika katika harusi zetu, soda iletwe kwanza bila mtu kuulizwa sababu.

IKIWA AMERUDIA

Kujikwaa si kuanguka. Mwaka 2000 wataalamu wa Marekani walilinganisha uraibu na magonjwa mengine ya muda mrefu. Katika kila watu 100 waliotibiwa uraibu, kati ya 40 na 60 hurudia ndani ya mwaka mmoja. Lakini kwa wagonjwa wa shinikizo la damu na pumu, kati ya 50 na 70 hupatwa tena na dalili ndani ya mwaka. Mama mwenye presha ikipanda hatumfukuzi katika umoja wa wanawake. Tunamwuliza kama alimeza dawa, na tunamrudisha kliniki.

Basi siku ya kwanza usihubiri, maana kileo hakisikii mahubiri. Angalia kama uhai wake uko salama. Kesho yake, akili ikirudi, mwulize swali moja lenye faida: "Ilianzia wapi?" Labda ni msiba, labda ni rafiki, labda ni chupa ya harusini. Mkiupata mlango, mtaufunga. Kisha arudi kwenye matibabu upesi, siku hiyohiyo ikiwezekana, kabla aibu haijamsukuma kunywa tena. Aibu nayo ni dhiki, na dhiki tumeihesabu miongoni mwa milango mitatu.

Hata hivyo tusieleweke vibaya. Kuijua kumbukumbu hii hakumwondolei mtu wajibu wake. Mguu kuruka mbele ya unyasi hakuulizwi, lakini baada ya kuruka mtu huchagua pa kwenda. Anayepiga mkewe na watoto asijifunike na habari za dopamini. Mama uliye katika hali hiyo, nenda mahali penye usalama pamoja na watoto, mwambie mchungaji, mwambie polisi wa dawati la jinsia. Kumwombea ukiwa mbali ni kumwombea pia. Wala usiendelee kulipa madeni yake ya kilabuni ukidhani unamsaidia.

Neno la mwisho ni lako wewe mama. Si wewe uliyeikanyaga njia ile ubongoni mwake, wala si kwa kukosa kufunga na kuomba kwamba haijafutika. Usiulize tena kama kosa ni la mapishi yako au la malezi yako. Tafuta mwanamke mwenzako mmoja wa kumwambia yote, kwa maana siri ya nyumba yenye ulevi humla anayeitunza. Ukija na swali hilo la "Kwa nini amerudia tena?" usije na hatia juu yake.

Tunawaombea nyote mlio katika safari hii ndefu. Bwana awape uvumilivu, na awape macho ya kuona milango kabla haijafunguka. Tutakutana tena mwezi ujao, Mungu akitujalia.